Tuzo ipi ya biashara uingie: ya hesabu, ya kutembelewa, ya jukwaa au ya kura?

Mwezi uliopita shemeji yangu, mke wa kaka yangu, aliniwekea mezani fomu mbili na simu yake. Fomu ya kwanza ilikuwa ya shindano la wanawake wafanyabiashara, na ilitaka andiko la biashara. Ya pili ilitaka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe kwamba biashara yake imependekezwa kupata tuzo ya kitaifa, na sasa awaambie wateja waanze kumpigia kura.

"Shemeji, wewe ndiye unayeshika madaftari ya watu," akaniambia. "Niingie wapi?"

Anasaga karanga na ufuta hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Ana wafanyakazi sita, na kwa wiki anauza makopo kama 200 ya shilingi 8,000 kila moja. Kwa mwaka inafika kama milioni 83. Bidhaa yake nzuri, mashine ni yake mwenyewe, na daftari la mauzo amelianza miezi 14 iliyopita baada ya mimi kumsumbua sana.

Swali kama lake nimeulizwa na fundi wa milango ya chuma, na mfugaji wa kuku wa Koboko, na mwenye nyumba ndogo ya wageni. Karibu wote huuliza kwa namna moja: tuzo ipi ni kubwa? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kwanza tujue anayehukumu anatazama nini. Yuko anayetazama karatasi. Yuko anayefunga safari kuja kuona kwa macho yake. Mwingine anakusikiliza dakika chache ukieleza, na mwingine hatazami chochote ila wingi wa kura. Biashara ileile inaweza kung'aa mbele ya mmoja na kuonekana si kitu mbele ya mwenzake. Kisha nauliza la pili: nikikosa, nitabaki na nini? Washiriki ni wengi na washindi ni wachache, kwa hiyo swali hili lina uzito kuliko la zawadi.

Anayetazama hesabu

Tuzo za hesabu zinaogopwa kuliko zote, nami ndizo ninazozipenda, kwa hiyo nianze nazo.

Chama cha wahasibu wa Uganda, ICPAU, kilianzisha tuzo za taarifa za fedha mwaka 2011 kwa kushirikiana na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Soko la Hisa la Uganda. Watu huziita FiRe. Unawasilisha taarifa yako ya mwaka, na wataalamu wanaipitia: je, hesabu zimefuata viwango vya kimataifa, umeeleza hatari zinazoikabili taasisi, umeonyesha wazi nani anaongoza na anasimamiwa vipi? Wanaoshindana huko ni mabenki, kampuni za bima, mashirika ya umma na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kisha kuna orodha ya kampuni 100 bora za ukubwa wa kati, iliyoendeshwa na kampuni ya ukaguzi ya KPMG pamoja na gazeti la Daily Monitor. Ile ilipanga kampuni kwa namna zilivyokua, na msingi wake ulikuwa hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa mfululizo.

Ukiziona kwa mbali hizi mbili zinafanana, maana zote zinataka mkaguzi. Lakini hazipimi kitu kimoja. FiRe inapima ukweli na uwazi wa kusimulia. Shirika lililopata hasara linaweza kusifiwa huko likiwa limeieleza hasara hiyo vizuri, sababu zake na hatua zilizochukuliwa. Katika orodha ya kukua, taarifa iliyopambwa haikusaidii kitu kama mauzo yamelala. Kwa hiyo mwenye kampuni iliyotulia, inayolipa vizuri lakini haipandi kwa kasi, asijipeleke kwenye mashindano ya ukuaji akaumia bure. Na mwenye kampuni inayopaa huku mahesabu yake yako kwenye bahasha za kaki, asidhani kasi itaficha bahasha.

Hesabu za miaka mitatu hazipikwi kwa mwezi mmoja. Nimeombwa zaidi ya mara moja "kutengeneza" miaka miwili ya nyuma ili fomu iwahi. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Mkaguzi anayestahili jina hilo ni mwanachama wa ICPAU mwenye cheti cha kufanya kazi hiyo, na hawezi kutia sahihi kirahisi stoo ambayo hakushuhudia ikihesabiwa.

Kuna hofu nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: URA, mamlaka ya kodi ya Uganda. Mtu anataka kuonekana mkubwa mbele ya majaji na mdogo mbele ya kodi. Anaandika mauzo ya milioni 200 kwenye fomu ya tuzo, na kwa URA ameandika 60. Ndugu yangu, hapo umejiandikia mashtaka kwa mkono wako. Ukipita milioni 150 kwa mwaka unatakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, na tangazo la gazetini likikusifu kwa mauzo makubwa linasomwa na kila mtu, wakiwemo wa kodi. Kabla ya kugusa fomu yoyote, weka namba ya fomu na namba ya URA mstari mmoja. Zikigongana, tatizo lako si la tuzo tena.

Sasa, ukikosa unabaki na nini? Unabaki na hesabu zilizokaguliwa. Benki itazisoma. Mnunuzi mkubwa wa Kampala atazisoma. Nawe utazisoma. Nina mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye aliingia kwenye shindano la hesabu akatolewa mapema kabisa. Lakini katika kuandaa mizania tuliona kwamba madeni anayowadai mafundi yalikuwa makubwa kuliko mali iliyobaki dukani. Miaka yote alidhani ana duka, kumbe ana daftari la madeni lenye paa la mabati. Mwaka ule alisimamisha mkopo kwa mafundi wote waliopitisha siku 60. Tuzo hakupata, ila duka bado liko.

Shemeji ana miezi 14 ya daftari. Kwa tuzo hizi, wakati wake haujafika. Nilimwambia hivyo bila kuzungusha.

Anayekuja kwako

Tofauti kubwa na za hesabu ni hizi ambazo jaji anavaa buti na kuingia shambani. Iliyo maarufu ni ya Wakulima Bora, iliyoanzishwa na Vision Group mwaka 2014 pamoja na Ubalozi wa Uholanzi, benki ya dfcu, shirika la ndege la KLM na Koudijs wa vyakula vya mifugo. Wakulima wanapendekezwa, waandishi wanakwenda kuwaona na kuandika habari zao, majaji wanatembelea mashamba ya walioingia hatua za mwisho, na washindi hupelekwa Uholanzi kujifunza.

Hapa mtu ambaye hajawahi kuandika ukurasa mmoja wa Kiingereza ana nafasi ya kweli. Ng'ombe akiwa mnene, banda likiwa kavu, na mteremko ukiwa na matuta yanayozuia udongo kuporomoka, hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Nimeona mzee mmoja akieleza malisho kwa Kilugbara huku mtoto wake akifasiri, na wageni wakiandika haraka kuliko alivyozungumza. Mbele ya jopo la hesabu mzee huyo asingepita mlangoni.

Lakini usidhani daftari limebaki nyumbani. Jaji mzuri huuliza: ng'ombe huyu anatoa lita ngapi, chakula chake kinagharimu kiasi gani, mwaka jana ulipoteza ndama wangapi? Anayejibu "wengi wengi tu" amemaliza shindano lake. Anayefungua daftari la shule lenye kalamu tatu tofauti na madoa ya maziwa ameshashika nusu ya safari.

Faida yake ukikosa ni kwamba habari yako ikichapishwa, wateja na wauza mbegu wanakujua. Upande wa pili wa faida hiyo ni wageni. Mfugaji wa kuku anayeruhusu watu 40 kupita banda kwa banda wakitoka kwenye mabanda ya wengine anakaribisha ugonjwa. Weka beseni la dawa la kukanyaga mlangoni, toa viatu vya plastiki, na asiyetaka kuvivaa atazame kwa dirishani, hata akiwa mkubwa wa wilaya.

Katika kundi hilihili la kutazama ndani naweka tuzo ya Mwajiri wa Mwaka ya Shirikisho la Waajiri Uganda, FUE. Kinachopimwa ni namna unavyowaweka wafanyakazi: mikataba, usalama kazini, mafunzo, haki zao. Wengi wenye biashara ndogo huiona ni ya makampuni ya vioo. Mimi huitumia kama kioo cha kujitazama hata kama huingii. Shemeji ana watu sita. Wawili tu wana barua za ajira. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilivyorekebishwa mwaka 2022, mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja: asilimia 10 kutoka kwake na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Zamani kulikuwa na kizuizi cha watu watano, na wengi bado wanajificha nyuma ya kizuizi ambacho hakipo. Tuliandika barua nne jioni ileile. Hiyo haikuwa kwa ajili ya tuzo yoyote.

Jukwaa na andiko

Kundi hili ndilo linalogawa fedha au mafunzo, si sanamu ya kioo tu, na ndani yake mna mashindano yasiyofanana kabisa.

Kwa wanawake kuna Rising Woman ya benki ya dfcu na washirika wake, iliyoanza mwaka 2018. Wanafundisha kwanza, kisha unaandika andiko la biashara, na washindi wamekuwa wakipelekwa Nairobi kuona biashara za wenzao. Kwa wenye biashara changa kuna Hi-Innovator ya NSSF na Mastercard Foundation: unasoma masomo mtandaoni, unaomba, na wanaochaguliwa hupata mtaji wa mbegu hadi dola 20,000. Ukivuka mipaka ya Uganda unakuta Africa's Business Heroes, iliyoanza mwaka 2019, yenye dola milioni 1.5 kwa kumi bora wa Afrika nzima, na fomu zake ni kwa Kiingereza au Kifaransa. Na wavumbuzi wana tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ambayo Mganda Brian Gitta aliishinda mwaka 2018 kwa kifaa cha Matibabu kinachopima malaria bila kutoa damu. Alipata pauni 25,000.

Weka Gitta upande mmoja na shemeji yangu upande wa pili, utaona jambo. Jopo la wavumbuzi linatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kusaga karanga kulikuwepo tangu bibi zetu. Akienda huko na kopo lake atarudi amevunjika moyo, na kopo halina kosa. Kwenye andiko la biashara swali linabadilika: je, unajua wateja wako, gharama zako, na fedha ukipewa utaitia wapi? Hapo kopo lina la kusema. Na kwenye Hi-Innovator lipo katikati: wanataka biashara inayoweza kukua na kuajiri, na wanataka uvumilie masomo yote, ambayo kwa mtu anayenunua bando za data za siku moja moja ni gharama halisi. Panga bando la mwezi kabla ya kujiandikisha. Nimeona watu wakikwama somo la nne.

Shemeji alitaka kuandika kwamba karanga yake ni "tamu na ya asili". Nikamwambia kila msagaji wa Uganda anasema hivyo. Tulipozungumza zaidi nikagundua kwamba anachambua karanga kwa mkono punje kwa punje, anatupa zilizokunjamana na zenye ukungu, na hanunui zilizokaushwa juu ya udongo. Kwa nini? Kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ambayo haionekani, haina ladha, na huharibu ini la mlaji taratibu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile kali zaidi inayoitwa B1. Hiyo ndiyo hadithi yake. Ila hadithi bila cheti cha maabara ni maneno, na hajawahi kupima hata kopo moja.

Lugha ya fomu

Nakaa kidogo hapa kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda tunaumizwa hapa kuliko mahali pengine. Katiba iliitambua lugha yetu kuwa ya pili rasmi katika marekebisho ya mwaka 2005, lakini fomu za tuzo zinakuja kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Arua au Busia anayefanya hesabu zake zote kwa Kiswahili anaipeleka fomu kwa kijana wa duka la kuchapa, na kijana anaijaza kwa maneno makubwa aliyoyaona kwenye fomu nyingine.

Mama mmoja niliyemsaidia alifika mbele ya majaji akaulizwa kuhusu "mnyororo wa thamani" wake na "athari kwa jamii" zilizoandikwa ukurasa wa pili. Hakujua zimeandikwa. Aliuliza kwa upole, "Hayo nimeyasema mimi?" Biashara yake ilikuwa bora kuliko za wengi waliopita siku ile.

Tangu hapo nafanya hivi. Mwenye biashara anajibu kila swali kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, akijirekodi kwenye simu. Anayeandika anasikiliza na kuandika alichosikia, si zaidi. Kisha anamsomea mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Lisilokuwa la kwake linafutwa hata likiwa zuri. Ukipita hatua ya kuzungumza, uliza mapema kama unaweza kuja na mkalimani. Wengine wanakubali, na atakayekataa ni afadhali akatae kabla hujapanda basi la usiku kwenda Kampala, maana ni karibu kilomita 500.

Jambo dogo linalosahaulika: kundi. Fomu nyingi zinakuuliza wewe ni biashara ya ukubwa gani. Sera ya serikali ya mwaka 2015 inahesabu biashara yenye watu hadi wanne kuwa ndogo kabisa, watano hadi 49 kuwa ndogo, na 50 hadi 100 kuwa ya kati, pamoja na viwango vya mali. Shemeji na watu wake sita yuko kwenye ndogo. Alitaka kutia alama kwenye ya kati kwa sababu inasikika vizuri. Angekutana na viwanda vyenye watu 80.

Kura za simu

Ujumbe ule kwenye simu ya shemeji ulisema kila mteja apige kura mara nyingi anavyoweza, na kila kura inakatwa kwenye salio. Hakuna aliyefika kuonja karanga wala aliyeuliza alama ya ubora. Anayeshinda ni mwenye wafuasi wengi au mwenye salio nyingi, na mara nyingi mwenye biashara huishia kununua vocha na kuwagawia vijana wampigie. Sikatai kwamba kura ya wateja ina maana pale ambapo kila mtu ana kura moja na haitozwi. Inapotozwa, waandaaji wanapata fedha kwa kila anayeshindwa.

Nilimuuliza, hizo fedha za kura zingepima makopo mangapi maabara? Akaifunga simu.

Barua ya pongezi

Kuna nyingine inayokuja kwa barua nzuri yenye nembo: hongera, jopo letu limewachagua kuwa kampuni bora ya mwaka katika sekta yenu. Hukuomba, na hakuna aliyekutembelea. Ukurasa wa pili una bei ya meza ya watu kumi kwenye chakula cha usiku, bei ya tangazo kwenye jarida la washindi, na bei ya kutumia nembo.

Bosi wangu wa zamani alilipa. Mimi ndiye niliyeandika hundi. Tulikwenda hotelini tukiwa na suti, tukakuta kila meza ni ya mshindi. Sanamu ile ilikaa kwenye meza ya mapokezi, na mwezi uliofuata tulichelewesha mishahara kwa siku tisa. Sikuwa na ujasiri wa kusema kabla ya hundi kutoka, na jambo hilo bado linaniuma.

Kulipa ada si kosa lenyewe. Yapo mashindano ya kweli yanayotoza ada ya kuingia ili kulipia usafiri wa wapimaji, na yanaitoza kwa wote kabla ya kujua nani atashinda. Jihadhari na ile inayodaiwa baada ya kuambiwa umeshinda. Uliza vigezo vimeandikwa wapi, majaji ni akina nani, na washindi wa miaka iliyopita ni nani, kisha mpigie simu mmoja wao. Anayeandaa kitu cha haki hukujibu kwa dakika tano.

Zile ambazo huziombi kwa fomu

Kwa ufupi, kwa sababu si nyingi za kuchagua. URA huwatambua walipa kodi wazuri, na njia ya huko ni moja: kuwasilisha ritani na kulipa kwa wakati, mwaka baada ya mwaka. Wauzaji wa nje nao wana tuzo yao ya Rais, ambayo inahesabu mauzo yaliyopita kwenye forodha kwa karatasi. Shemeji hupeleka makopo soko la Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo, lakini yanavuka kwenye mzigo wa mtu mwingine bila jina lake. Ofisi ya takwimu, UBOS, na Benki Kuu huihesabu biashara hiyo ndogo ya mipakani kwa jumla katika tafiti zao. Yeye kama yeye hayumo.

Na kuna maonyesho. Ya chama cha wenye viwanda pale Lugogo kila Oktoba, na ya Jua Kali ya Afrika Mashariki yanayohama nchi hadi nchi, ambayo Desemba 2022 yalikuwa Kololo, Kampala. Kwa bidhaa ya kula, siku saba za watu kuonja zinaweza kukupa wateja kuliko cheti. Gharama ya banda, malazi na usafiri ni kubwa, basi wachangie wawili watatu wa mji mmoja.

Tulichoamua

Tuliamua usiku, baada ya watoto kulala, kaka yangu akiwepo. Tuzo ya hesabu tumeiweka miaka miwili mbele, na tayari tumeongea na mkaguzi kuhusu kuhesabu stoo mwishoni mwa mwaka huu, kwa sababu asipokuwepo siku hiyo hesabu za mwaka zinaweza kutiliwa shaka. Ya kura tumeifuta. Andiko la wanawake ndilo analoingia, kwa sababu kinachotazamwa huko ndicho alichonacho: anajua wateja wake kwa majina, anajua msimu ambao karanga inapanda bei, na mafunzo anayapata hata jina lake lisiposomwa. Fedha aliyokuwa ametenga kwa vocha imekwenda kupima sampuli tatu za sumukuvu, na tumeanza kuulizia alama ya ubora ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ambayo kwenye rafu ya supamaketi inasomwa kabla ya tuzo yoyote.

"Na majibu ya maabara yakiwa mabaya?" kaka yangu akauliza.

"Basi nitaandika hivyo," shemeji akajibu, "na nitaandika nimefanya nini baada ya kuyapata."

Fomu inafungwa Alhamisi. Kilichobaki ni sanduku moja tu, la gharama ya kopo tupu na kibandiko chake. Kwa miezi 14 tumeandika bei ya karanga, ufuta, chumvi, umeme na mishahara, na makopo tumekuwa tukiyanunua kwa fedha ya mfukoni bila kuyaandika popote. Leo asubuhi alikuwa sokoni akiwaomba wauzaji wa makopo wamtafutie nakala za risiti.